Shajara ya mradi: nakala rudufu za TB 11.4 za picha, video na muziki kwa programu huria

Mkusanyo una faili 412,000 hivi, bila kuhesabu vijipicha vya programu ya picha: video TB 6.9, picha TB 3.1 (ghafi na JPEG), muziki wa FLAC TB 1.1, na GB 300 za nyaraka, rekodi za sauti na hifadhidata za programu za picha. Wote unakaa kwenye mashine moja ya Linux yenye diski 3 za TB 8, zenye mfumo wa faili wa ext4, zilizounganishwa kwa mergerfs zionekane kama folda moja, pamoja na diski ya nne ya pariti ya SnapRAID, yaani data ya hesabu inayowezesha kujenga upya diski iliyokufa. Pariti hiyo hatuihesabu kuwa nakala rudufu. Diski moja ikifa itaokoa, lakini folda ikifutwa kimakosa na `snapraid sync` (amri inayosasisha pariti) ikapita baada ya hapo, folda imekwenda.

Mpango una nakala tatu. Nakala A iko kwenye mashine ya pili, diski 2 za TB 16 zinazoakisiana kwa ZFS (mfumo wa faili unaojikagua makosa), kupitia mtandao wa ndani. Nakala B ni diski 2 za nje za TB 8 zinazochomekwa siku ya kunakili tu. Nakala C iko kwenye seva ya mbali kwa restic (programu ya nakala rudufu), na inabeba vile visivyopatikana tena popote, yaani picha na zile GB 300, jumla TB 3.4. Filamu zinazoweza kutolewa upya kwenye diski zake za awali haziendi C.

## 6 Januari: heshi kabla ya kunakili chochote

Kabla ya kunakili tulihitaji orodha ya heshi, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Baiti moja ikibadilika, namba yote inabadilika. Bila orodha iliyotengenezwa mwanzoni, nakala mbili zikija kutofautiana hakuna wa kuamua ipi ni sahihi.

Jaribio la kwanza lilitumia `xargs -P 8 b3sum`, yaani programu ya heshi b3sum ikiendeshwa mara nane kwa pamoja, juu ya folda ya mergerfs. Kasi ilikuwa MB 40 kwa sekunde kwa diski zote tatu kwa pamoja, na baada ya saa 9 tulisimamisha. b3sum imeundwa kutumia nyuzi nyingi za prosesa na kusoma sehemu mbalimbali za faili kwa wakati mmoja. Kwenye diski ya kuzunguka, hilo linafanya kichwa cha kusomea kiruke huku na huko bila kupumzika.

Dawa ni mchakato mmoja kwa kila diski, kwa njia yake halisi na si kupitia mergerfs:

`cd /mnt/d1 && find . -type f -print0 | sort -z | xargs -0 b3sum --no-mmap --num-threads 1 > ~/heshi-d1.txt`

Diski tatu sambamba, kila moja ikisoma kwa MB 150 kwa sekunde, zilimaliza kwa saa 7. `-print0` na `-0` si mapambo: bila hizo, jina lenye nafasi au alama ya kunukuu linamkanganya xargs.

Heshi haijui kama faili ilikuwa mbovu tangu mwanzo, kwa hiyo ukaguzi wa maudhui ulifuata. `flac -t` ni ya kuaminika kwa sababu FLAC hubeba MD5 ya sauti ndani yake. Ilikamata faili 7, tano tukazipata nzima kwenye diski ya zamani, mbili hatuna tena. `jpeginfo -c` ilishughulikia JPEG. Kwa video, kufasiri kila fremu ya TB 6.9 kungechukua siku nyingi mno, tukakubali ukaguzi mwepesi:

`ffmpeg -nostdin -v error -i "$f" -map 0 -c copy -f null -`

Amri hii hupita kwenye pakiti zote bila kuzifasiri. Inakamata faili iliyokatika njiani, haikamati baiti chache zilizoharibika katikati ya picha. Usiache `-nostdin`. Ndani ya kitanzi cha `while read`, ffmpeg bila kigezo hicho humeza orodha ya majina inayoingia, na utaona hitilafu za ajabu za majina yaliyokatwa herufi za mwanzo.

## 17 Januari: kupima diski mpya, kuunda bwawa la ZFS

Diski mpya haziaminiwi mpaka ziandikwe na kusomwa zote. `badblocks -w` ya kawaida hupitisha ruwaza nne, kila moja ikiandikwa na kusomwa, jumla mipito minane. Kwa TB 16 hiyo ni zaidi ya siku 7. Tulitosheka na ruwaza moja:

`badblocks -wsv -b 4096 -t random /dev/disk/by-id/...`

Saa 47 kwa kila diski, zote mbili kwa pamoja. Hii inafuta kila kitu, na ndiyo sababu ya kutumia njia ya `by-id` yenye namba ya diski badala ya `/dev/sdc`, ambayo huweza kuhama baada ya kuwasha upya. Ukisahau `-b 4096` badblocks inakataa kuanza, kwa kuwa idadi ya bloku hubanwa kwenye biti 32. Kwa bloku za baiti 4096 kikomo ni TiB 16; diski ya TB 18 itadai `-b 8192`.

Baadaye `smartctl -a`, inayosoma afya ya diski: sifa namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta mbovu, zote sifuri. Namba 199 ilipanda hadi 31 kwenye diski moja. Namba hiyo huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na ubao, kwa hiyo ni kebo ya SATA ndiyo mbovu, si diski. Kebo ilibadilishwa, hesabu ikaganda pale pale. Haitarudi sifuri, la kuangalia ni kama inaongezeka.

Bwawa, yaani diski mbili zikitumika kama ghala moja:

`zpool create -o ashift=12 -O recordsize=1M -O compression=lz4 -O atime=off -O xattr=sa ghala mirror ID1 ID2`

Mbano wa lz4 kwa video na JPEG unaokoa karibu asilimia 1 tu, lakini tuliuacha. Unakata tamaa haraka kwa data isiyobanika, na unaondoa sifuri zinazojaza rekodi ya mwisho ya kila faili, jambo lenye maana pale rekodi inapokuwa MiB 1.

## 23 Januari: nakala A imekamilika, kwa kuchelewa

`rsync -aHAX --numeric-ids --partial --info=progress2 /mnt/zote/ mashine2:/ghala/zote/`

Mtandao wa Gb 1 kwa sekunde hutoa kama MB 112 halisi, kwa hiyo TB 11.4 zilipaswa kuchukua saa 28. rsync, programu inayonakili tofauti tu, ilikuwa inaonyesha MB 11. Tulipoteza saa tatu tukishuku ZFS, kisha usimbaji wa SSH, mpaka `ethtool` ikasema `Speed: 100Mb/s`. Gigabiti huhitaji jozi zote nne za waya ndani ya kebo. Jozi moja ikikatika, kadi hukubaliana kimya kimya kushuka hadi Mb 100. Kwa kasi ile kazi ingechukua siku 12. Pima mtandao kwa `iperf3` kwanza, ni dakika moja.

Kigezo cha `-z` hakisaidii hapa. Kinachosha prosesa kubana kilichokwisha banwa.

Kosa la pili lilitoka kwenye majina. Kupanga orodha ya heshi kwa `sort | uniq -w64 -D` kulifichua GB 62 za muziki zilizojirudia, kwenye folda zenye majina yaleyale kwa macho. Folda moja ilitoka kwenye Mac. Herufi kama é inaweza kuandikwa kwa Unicode kama alama moja (NFC) au kama e ikifuatwa na alama ya lafudhi (NFD). Mfumo wa HFS+ huhifadhi NFD, na ext4 huhifadhi baiti zozote inazopewa. Kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti.

`convmv -f utf8 -t utf8 --nfc -r .` huonyesha tu kitakachobadilika; `--notest` ndiyo hutekeleza. Jina la mwisho likiwa tayari lipo, convmv hukataa, ila ukiongeza `--replace` hukubali iwapo faili mbili zina maudhui sawa. Tulipaswa kufanya hivi tarehe 6. rsync haitambui faili iliyobadilishiwa jina kwa kuhamishwa folda: kwake ni faili iliyofutwa na nyingine mpya iliyozaliwa. Gharama ya kusahau ilikuwa GB 290 zilizotumwa mara ya pili.

## 2 Februari: rsync yafuta theluthi ya nakala

Huu ndio ukurasa ambao anayenakili mradi huu asiuruke.

Baada ya kuwasha upya mashine ya chanzo, diski ya pili haikupachikwa. `/etc/fstab` (orodha ya diski za kupachikwa) ilikuwa na `nofail`, kwa hiyo mfumo uliendelea kuwaka kama kawaida. mergerfs ilionyesha folda yenye diski mbili na saraka moja tupu. Saa nane usiku rsync yenye `--delete` ikaanza, ikaona TB 3.8 hazipo kwenye chanzo, ikazifuta kwenye A. rsync huzuia ufutaji ikikutana na hitilafu ya kusoma, lakini saraka tupu si hitilafu. Iliagizwa ifananishe, ikafananisha.

Kilichookoa ni mstari mmoja unaotangulia rsync kwenye skripti na kuchukua snapshoti, yaani taswira ya hali ya data kwa wakati huo: `zfs snapshot ghala/zote@$(date +%F)`. `zfs rollback` ilirudisha TB 3.8 kwa sekunde chache, kwa sababu snapshoti ilikuwa bado imezishikilia bloku zote. Bila snapshoti, A ingekuwa kioo tu cha makosa ya chanzo.

Kinga zilizoongezwa, na kila moja inakamata kitu ambacho nyingine hukikosa:

Kila diski ina faili tupu yenye jina lake kwenye mzizi, `.diski-d1` na kuendelea. Skripti inasimama iwapo hata moja haionekani kupitia mergerfs. `mountpoint -q` peke yake haitoshi, kwani hukubali diski yoyote iliyopachikwa mahali pale, hata isiyo yenyewe.

Saraka za kupachikia zimewekewa `chattr +i` zikiwa tupu, ili programu isiandike ndani yake diski inapokosekana. Diski ikipachikwa juu yake, alama hiyo haina athari.

`--max-delete=500`. Ikivuka hapo rsync huacha kufuta na kutoka na msimbo 25, na skripti hutuma barua pepe. Siku ya kupanga upya folda kwa makusudi, namba hiyo huongezwa kwa mkono.

SnapRAID ilikuwa na busara zaidi kuliko skripti yetu: ikikuta faili zote za diski moja zimetoweka hukataa `sync` mpaka uandike `--force-empty`. Siku ile ilikataa, na ujumbe wake ulikaa kwenye logi bila kusomwa.

## 18 Februari: tofauti 214 ambazo rsync haikuziona

Baada ya wiki sita orodha ya heshi ya chanzo ilikokotolewa upya na kulinganishwa na ya Januari. Faili 214 za zamani zilikuwa na heshi mpya, na rsync haikuwa imetuma hata moja.

Kwa kawaida rsync hulinganisha ukubwa na tarehe ya kubadilishwa tu. Programu nyingi za kuhariri lebo za muziki zina chaguo la kutobadilisha tarehe, na exiftool hufanya hivyo kwa `-P`. Faili za FLAC na MP3 nyingi huacha nafasi tupu ndani kwa ajili ya lebo, kwa hiyo hata ukubwa haubadiliki. Jina la msanii limesahihishwa, tarehe ileile, ukubwa uleule, rsync inapita.

`rsync -c` ingeziona, kwa gharama ya kusoma TB 11.4 pande zote mbili, saa 21 kila mara. Njia nafuu ni ctime, saa ambayo kerneli (kiini cha Linux) huisogeza kila faili au sifa zake zinapobadilishwa na ambayo programu za kawaida haziwezi kuirudisha nyuma:

`find . -type f -cnewer ~/.alama -print0 > ~/orodha0`
`rsync -aHAX --numeric-ids --ignore-times --from0 --files-from=$HOME/orodha0 . mashine2:/ghala/zote/`

Faili ya `.alama` mpya huundwa mwanzoni mwa mzunguko na huchukua nafasi ya ile ya zamani rsync ikiisha salama tu. Ukiiunda mwishoni, kilichobadilika wakati wa kunakili kinaangukia kwenye ufa.

Hizo zilikuwa faili 211. Tatu zilizobaki zilikuwa na heshi mpya na ctime ya zamani: hakuna aliyezigusa, lakini yaliyomo si yaleyale. Hapo kanuni yetu ikawa hii: heshi mpya na ctime mpya ni mabadiliko, yapelekwe, heshi mpya na ctime ya zamani ni uharibifu, usipeleke popote mpaka ujue umetoka wapi.

Kishawishi kilikuwa kukimbilia `snapraid -e fix`. Badala yake tulimwaga kache ya kumbukumbu kwa `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches` na kukokotoa heshi za zile tatu upya. Zote tatu zikarudi kwenye heshi ya Januari. Diski haikuwa na kosa; kilichosomwa kiliharibikia kwenye RAM. memtest86+ ilionyesha makosa kwenye kijiti kimoja kati ya viwili, tena kwenye mpito wa pili. Mpito wa kwanza ulikuwa safi. Iachwe usiku kucha.

Swali likawa ni nini kilipita kwenye RAM ile kuelekea A. `zpool scrub` ya A, inayosoma na kukagua data yote, ilimaliza bila kosa hata moja, na haishangazi: ZFS huthibitisha kwamba inarudisha ilichopokea. rsync nayo hulinganisha faili nzima baada ya kutuma, lakini dhidi ya kile ilichosoma. Kilichoharibika kabla ya kufika kwao, wote wawili watakilinda kwa uaminifu mkubwa. Ni `b3sum --check --quiet` dhidi ya orodha, iliyoendeshwa kwenye A yenyewe kwa saa 17, iliyopata video mbili mbovu. Zilitumwa upya. Orodha ya chanzo nayo ilikokotolewa upya mara moja zaidi bila kijiti kibovu, na haikuwa na tofauti nyingine.

Kama mashine na ubao vinakubali RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake), inunuliwe kabla ya diski ya ziada. Hii yetu haikubali.

## 3 Machi: diski za nje, mara tatu

Diski ya B1 hubeba picha, muziki na nyaraka, TB 4.5, B2 video, TB 6.9.

Mara ya kwanza tulitumia exFAT ili diski zisomeke kwenye kompyuta yoyote. Majina yenye `:` na `?` yalikataliwa, `IMG_01.JPG` na `img_01.jpg` zikawa faili moja, ruhusa na viungo vyote vikapotea. Iliachwa siku hiyohiyo.

Mara ya pili, ext4 juu ya LUKS (usimbaji wa diski), iliyoundwa kwa `mkfs.ext4 -T largefile4 -m 0`. `-m 0` ni sahihi kwa diski ya nakala, inarudisha GB 400 ambazo ext4 ingetengea mfumo. `largefile4` ndiyo ilikuwa ujanja uliopitiliza. Huweka inodi moja (kila faili huhitaji moja) kwa kila MiB 4, yaani milioni 1.9 kwa TB 8. B1 ilifika asilimia 40 ya nafasi na kusema `No space left on device`. `df -h` ilionyesha TB nyingi wazi. `df -i` ilionyesha asilimia 100. Walaji walikuwa vijipicha vya programu ya picha, faili zaidi ya milioni 1.6 za KB chache kila moja.

Mara ya tatu: `-T largefile`, inodi moja kwa kila MiB 1, milioni 7.6 kwa jumla. Chaguo-msingi kwa ukubwa huu ni inodi moja kwa kila KiB 32, ambalo hula GB 62 za diski kwa jedwali la inodi. Vijipicha vimeondolewa kwa `--exclude` kwenye nakala zote tatu kwani programu huvitengeneza upya.

B1 ni diski ya aina ya SMR, ambayo njia zake za kuandikia data zimelaliana kama vigae. Kwenye video ingeandika MB 170 kwa sekunde. Kwenye picha ndogondogo, ikishajaza eneo lake la mapokezi, ilishuka hadi MB 12. Kwa diski inayoandikwa mara moja kwa mwezi tunavumilia. Kwenye bwawa la ZFS aina hii isiingie. Siku ya kujenga upya diski iliyokufa itakuwa ndefu kupita kiasi.

Kasha moja la USB lilionyesha sekta za baiti 4096 wakati diski ileile ikichomekwa moja kwa moja kwenye SATA huonyesha 512. Diski iliyogawanywa ndani ya kasha hilo haikuonekana kuwa na kizigeu chochote nje yake. Kasha limebandikwa jina la diski yake na vitatembea pamoja.

Vichwa vya LUKS vimehifadhiwa kwa `cryptsetup luksHeaderBackup` kwenye A na C. Kichwa kikiharibika bila nakala, nenosiri sahihi halifungui chochote.

## 25 Machi: nakala C imefika

Kasi ya kupakia ni Mb 20 kwa sekunde, MB 2.5, hivyo TB 3.4 ni siku 16 bila kusimama. Seva ya mbali inaendesha rest-server yenye `--append-only`: mashine ya chanzo inaweza kuongeza, haiwezi kufuta. Atakayevamia chanzo hataweza kuifuta C kwa nenosiri lilelile.

Siku ya tano umeme ulikatika. restic haikupoteza data iliyokwisha pakiwa, lakini kwa kuwa hapakuwa na snapshoti iliyokamilika, ilianza kusoma faili zote tangu mwanzo ili kutambua zilizokwisha fika. Kufuli lililoachwa njiani liliondolewa kwa `restic unlock`, baada ya kuhakikisha hakuna restic nyingine inayoendelea. Toka hapo tulipeleka folda ya mwaka mmoja mmoja, kila moja ikifunga snapshoti yake, na mwisho mpito mmoja wa folda zote ambao ulisoma kila kitu na kupakia MB chache tu.

`--pack-size 64` ilipunguza idadi ya faili kwenye ghala la mbali. Chaguo-msingi ni MiB 16. Kuondoa marudio kuliokoa GB 41, nyingi zikiwa picha zilizonakiliwa kwenye folda mbili. Mtu asitegemee zaidi ya hapo kwa picha na video.

Kupunguza snapshoti kwa `forget --prune` hufanyika kwenye seva yenyewe kwa mkono, mara moja kwa robo mwaka.

## 6 Aprili: jaribio la kurejesha, na kilichokosekana

Folda ya mwaka mmoja ya picha, GB 212, ilirejeshwa kwenye diski tupu kutoka kila nakala. A dakika 32, B dakika 21, C saa 9 na nusu kwa kasi ya kupakua ya Mb 50. Kwa hesabu hiyo C nzima ni siku 6 na theluthi moja. Heshi zililingana zote.

Programu ya picha ikawashwa juu ya faili zilizorejeshwa, ikasema `database disk image is malformed`. Hifadhidata yake ni SQLite, nayo ilikuwa inanakiliwa ikiwa wazi, nusu ya zamani na nusu mpya. Picha zote zilikuwepo. Albamu, majina ya watu na maelezo ya miaka kadhaa havikuwepo. Sasa kabla ya kila mzunguko:

`sqlite3 picha.db ".backup '/mnt/zote/nyaraka/hifadhidata/picha.db'"`

na faili hai imeondolewa kwa `--exclude`. Kwa programu inayotumia PostgreSQL, `pg_dump` hufanya kazi hiyo. Jaribio lilirudiwa siku mbili baadaye, albamu zikarudi.

## 12 Aprili: ratiba inayoendelea na hesabu ya gharama

Kila usiku: ukaguzi wa alama za diski, hifadhidata, `snapraid diff` kisha `sync`, snapshoti ya A, rsync mbili, restic. Kila wiki: `snapraid scrub -p 8 -o 30`, ambayo huzunguka mkusanyo wote kwa wiki 13 hivi. Kila mwezi: B1 na B2, `zpool scrub`, na `restic check --read-data-subset=4/12` kwenye seva ya mbali, namba ya kwanza ikiwa namba ya mwezi. Kila miezi mitatu: heshi zote upya, chanzo na A.

Vilivyotumika: diski 4 mpya, kebo 2, kijiti 1 cha RAM kilichotupwa. Mashine zilifanya kazi ya kunakili na kupima kwa zaidi ya saa 700, nyingi zikiwa za kupakia C. Kazi ya mikono ilikuwa kama saa 60. Kati ya hizo 11 ni za tarehe 2 Februari na 14 ni za kusaka RAM mbovu.

Vilivyobaki: kuhamishia B2 kwenye jengo jingine, na kuandika nenosiri la restic na la LUKS kwenye karatasi mbili zitakazokaa mahali pawili tofauti. Kwa sasa yamo kwenye programu ya manenosiri ambayo nakala yake pekee iko ndani ya C.